Daktari Aliyebaki Kwenye Ukurasa

Dada Nafula,

Nakusalimu kutoka Muscat, nikiomba barua hii ikukute umeketi, si mbio mbio kama kawaida yako. Kifua cha Mama kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na shemeji, ameanza kuukanyagia ule mguu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Usingizi ndio umenipungukia, na juzi uliponiuliza kwenye simu nilikudanganya kwamba ni joto.

Unajua kazi yangu hapa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos ni kutengeneza tovuti. Mkubwa wetu anataka kila moja iishe kwa siku tatu, kwa hivyo sianzi upya. Nachukua tovuti niliyomaliza zamani naifanya kiolezo, kama ile karatasi yako ya kukatia sare: umbo ni lile lile, nabadilisha jina, rangi na picha. Kiolezo changu cha kliniki kilitokana na tovuti ya daktari wa meno wa Sib, Daktari Nasor. Mtu mpole. Siku ya kumpiga picha aliniomba nitafute upande usioonyesha upara. Mwaka jana alifariki ghafla, kliniki ikafungwa. Kiolezo nikabaki nacho.

Majuzi nilikitumia kwa kliniki mpya ya Al Amerat. Kurasa za Kiingereza nilibadilisha zote. Za Kiarabu, ambacho nakisoma kwa kubabaisha, niliruka moja. Humo marehemu akabaki anatabasamu chini ya jina la kliniki ya watu wengine, pamoja na jina lake na maneno yake ya kuwakaribisha wagonjwa.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini mama mmoja wa baibui, anaitwa Bi Zuhura. Alizungumza na mkubwa kwa Kiarabu, kisha akanisikia nikiongea na Mkenya mwenzangu, akanigeukia.

"Wewe wajua Kiswahili. Basi niambie, nani kamueka mume wangu Amerat?"

Mkubwa alishaanza kusema mtambo ulikosea. Dada, ningeweza kunyamaza. Lakini nilisema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa naharakisha."

Hakupaza sauti. Aliniambia binti yake, Samiya, wa miaka saba, huwa anaandika jina la baba yake kwenye simu ili aone picha zake. Wiki iliyopita akaja mbio jikoni: Baba hajafa, kahamia Amerat, kapata kazi huko. Mama akakataa, mtoto akamwita muongo. Akaacha kula. Ikabidi ampeleke kwa gari, wavuke vilima mpaka kliniki yenyewe, aone kwa macho yake. Samiya akakaa pale mapokezi, akimtazama kila daktari anayetoka, hadi wagonjwa wote wakaisha. Bado hakuamini. Alisema baba yake atakuwa na zamu kesho.

"Nnaye hapo nje," Bi Zuhura akasema. "Mwambie wewe. Mie hanisikii tena."

Mtoto akaingia na mkoba wake wa shule. Nikapiga magoti, nikafungua ukurasa. "Samiya, picha hii niliiweka mimi, kwa makosa. Baba yako hakuwahi kufanya kazi Amerat."

Akaweka kidole juu ya maandishi. "Hapa yeye kaandika, *karibu, ninakusubiri*."

"Aliyaandika zamani, akiwa Sib. Aliwaandikia wagonjwa."

Akafikiri. "Ukimfuta, atakwenda wapi?"

Nilimtazama mama yake, naye akasema polepole, "Futa, ndugu yangu." Nikafuta. Mahali pa uso pakatokea kile kivuli cha kijivu cha mtu asiye na sura. Samiya alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama yake akaniambia baadaye mlangoni. Alinishukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayoniamsha.

Mkubwa amenionya nisiwajibu tena wateja. Nimepekua tovuti zangu zote. Uso wake haumo kwingine, ila maneno yake niliyakuta kwa fundi wa viyoyozi na kwa muuza maua: *ninakusubiri*. Sasa nayatambua kwa umbo kabla sijayasoma, na hata nikishayafuta, nafungua tena kuhakikisha.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi wa Kitale na mzee wa kanisa aliyesimamia mambo yetu. Watoto wako uwabusu, hasa yule mdogo ambaye bado hanijui.

Dada, ile video ya mazishi ya Baba uliyonitumia sijaifungua. Kila nikijiona akilini nimefika nyumbani likizo, ni yeye anayenifungulia geti. Tafadhali niandikie ni dakika ya ngapi mnamshusha kaburini, nijue, kisha nitaitazama yote.

Ni mimi mdogo wako,
Wekesa