Ukurasa Niliotaka Kuuruka

Bunia, Ijumaa mchana

Yaya Philomène, dada yangu mpenzi,

Kabla sijasema langu, niambie kwanza: kikohozi cha mtoto kimepungua? Na mguu wa Mama, bado unamsumbua akipanda kilima cha kanisa? Mvua imewafikia huko Mahagi, au mahindi yanakunja majani? Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ndiko hakuna utulivu. Tangu asubuhi nimekaa mara tatu kuandika barua hii, na mara mbili nimesimama kwenda mlangoni. Usishangae ukiona mwandiko unakimbia.

Ningeweza kupiga simu, lakini unajua simu ya kwetu. Ukiipokea tu, Mama anasema weka sauti kubwa, na hata kuku wanasikia. Haya ni ya masikio yako peke yako. Mjomba Faustin anapita hapa kesho akienda Nyankunde kuonyesha macho yake kwa daktari. Akirudi Mahagi atakuletea bahasha hii. Mpe chai, usimpe nafasi ya kuuliza kuna nini ndani.

Kwanza furaha, Yaya, maana nisipoitoa itanipasua. Hii ni wiki ya saba tangu niolewe, na bado nikiitwa Madame naangalia nyuma kuona ni nani anayeitwa! Dieudo ni mtu mzuri kuliko nilivyokwambia, na nilikwambia mengi. Akienda safari na lori lake, njia ya Komanda mpaka Mambasa, anarudi nyumbani mara tatu kabla ya kuwasha injini. Mara ya kwanza amesahau maji. Mara ya pili amesahau tochi. Mara ya tatu hajasahau kitu, anasimama tu mlangoni anacheka, na mimi nasimama nacheka kama mjinga. Mashati yake yananuka mazuti ya injini hata nikiyafua mara mbili, na mimi, Mungu anisamehe, siku hizi sipendi harufu nyingine.

Lakini akiondoka, anaondoka siku sita, siku nane. Watu wakisema njia imefungwa, sahani ya ugali naisukuma pembeni. Lori lolote likipiga honi barabarani nakimbia nje na mikono yenye unga. Safari ya pili alinikuta nimekonda. Akaenda sokoni akarudi na kaye nene ya kuandikia, ya jalada la bluu, na biki mbili.

"Weye unasemaka sana," alinicheka, "na mi nikiwa mu njia hauna mutu wa kumaliza maneno yako. Ongea na hii."

Nikaongea nayo, Yaya. Kila siku, vyombo vikishaoshwa, naketi chini ya dirisha naandika. Kurasa za mwanzo zote ni Dieudo, Dieudo, Dieudo, utafikiri mtu amepewa adhabu shuleni. Halafu, bila kupanga, nikaanza kujiandika mimi. Nikiwa na hofu naiandika, na ikishakaa kwenye karatasi hainishiki shingo tena. Nikisoma kurasa za nyuma najikuta. Kwa mfano, niliandika mara mbili kwamba mama mkwe hanipendi, kwa sababu alininyang'anya mwiko. Wiki iliyofuata nilisoma tena, nikaona kitu ambacho wakati wa hasira sikukiona: siku zote mbili nilikuwa nimeunguza mboga ya sombe. Nilicheka peke yangu. Hakuna aliyenifundisha hilo, nilijifundisha mwenyewe kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Huyu mama mkwe, Mama Dieudo, tunaishi naye nyumba moja. Ni mjane, haongei sana, na macho yake yanaona vumbi hata chini ya kitanda. Ghafla, kama wiki mbili zilizopita, akabadilika. Nikitoa kaye tu, ananiletea kiti chenye mgongo. "Kaa vizuri, mutoto yangu, masahani nitaosha mi." Maziwa yakija kutoka kwa shemeji zake wanaofuga, kikombe cha kwanza changu. Siku moja alisimama katikati ya kiwanja akasema kwa sauti ya kuhubiri, "Mu hii nyumba hakuna mutu anamutesaka muke wa Dieudo!" Na hapakuwa na mtu kiwanjani, ila mimi na mbuzi. Mimi mjinga nikaandika yote kwa furaha: ananipenda, ananipenda!

Jumatano, kwenye bomba la maji, jirani yetu Mama Chantal, yule anayeuza makala ya kupikia na mdomo wake haulali, akaniita, "Mama Karani! Leo umemufunga nani?"

"Nimfunge nani, Mama?"

"Usinichekeshe. Mama mukwe yako halale usiku juu ya kukuogopa. Anasema bakwenu walikutuma na kaye uandike makosa yake, na ule muzee wenu anakuja siku ya posho, hii Jumamosi, kuikamata."

Yaya, ndoo ilinidondoka. Nikakumbuka siku ya maongezi ya ndoa. Si Mjomba Faustin alikuwa katibu wa upande wetu? Kila neno waliloahidi wenzetu aliliandika kwenye kaye yake ya bluu: kwamba nitaendelea kusali parokiani, kwamba sitatumwa kuni mbali peke yangu, kwamba pakiwa na ugomvi nitasikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Halafu akayasoma yote kwa sauti, na pande zote zikatia sahihi. Mama Dieudo hakusoma shule, alitia kidole gumba. Anajua kwamba neno likishaingia kwenye kaye hakuna wa kulikana. Na sasa bibi-arusi amekuja na kaye ya bluu ileile, anaandika kila siku, na katibu mwenyewe yuko njiani! Kumbe kiti na maziwa vilikuwa woga. Mtu mzima wa kunizaa ananiogopa ndani ya nyumba yake.

Nilikimbia nyumbani kumweleza. Nikamkuta ameketi, amevaa kitenge chake cha ibada, kaye yangu iko magotini pake, imefungwa.

"Sikufungua," alisema. "Ata ningejua kusoma, kitu ya mutu haisomwe yeye hayupo. Lakini unisomee. Banduguyo bakinishitaki, nijue nitajibu nini."

Nikamwambia si mashtaka, Mama, ni mambo yangu tu, ni Dieudo ndiye alinunua. "Kama si mashitaki," akasema, "soma."

Nikasoma. Yaya, aibu niliyoipata! Kumsomea mama ya mtu jinsi unavyojisikia mwanawe akivua viatu mlangoni! Lakini alianza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akajifunika uso na kitenge. "Baba yake ndivyo alikuwa. Anasahau tochi, tochi iko mu mukono." Alicheka hata kwenye sombe. Nikaona mambo yamekwisha vizuri. Na hapo nikafika kwenye ukurasa ambao nilikuwa nimesahau kwamba upo.

Nikaufunua pamoja na unaofuata, nikaendelea na habari za mvua.

"Umeruka," alisema.

"Hapana, Mama."

"Umefunua mbili. Sina masomo, lakini niko na masikio."

Ningeweza kutunga, Yaya. Ningesema chochote, asingejua. Lakini kaye hii ndiyo mahali pekee ambapo sijawahi kudanganya, na yeye alikuwa ameishika magotini saa nzima bila kuifungua. Nikarudi nyuma nikasoma: "Laiti mama huyu angekwenda kukaa kwa binti yake kule Iga Barrière, mimi na Dieudo tubaki peke yetu. Nyumba ni ndogo na yeye yuko kila mahali."

Hakulia, hakugomba. Alisema, "Asante juu ya kusoma," akaenda kuanua nguo kwenye kamba. Jana siku nzima alinisemesha kwa heshima, kama mgeni. Na leo asubuhi nimemkuta anafunga mzigo wake ndani ya kitenge, na ametuma kumwita mwenye moto, yule wa pikipiki, ampeleke Iga Barrière leo hii hii. Dieudo anarudi Jumapili. Yaya, nimwambie nini? Kwamba nimeolewa wiki saba na nimekwisha mfukuza mama yake kwa biki aliyonunua yeye?

Hapo ndipo niliposimama mara ya tatu na kuiacha barua hii. Sasa nimerudi kuendelea.

Nilikwenda kwake. Nilichukua kaye tu, maana alikuwa hajasikia kurasa zilizobaki. Nikasimama mlangoni pa chumba chake nikasoma, yeye anaendelea kukaza fundo:

"Leo homa. Mama Dieudo amenipikia uji wa mtama, amekaa kitandani, amenishikia kikombe maana mikono yangu inatetemeka. Nimemwita Mama bila kuongeza jina la mtoto wake, sikujua imetokaje. Amenifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Nafikiri nilikosea kuhusu nyumba hii kuwa ndogo."

Mikono yake ilisimama.

"Hii umeandika saa hii," alisema bila kugeuka, "juu ya kunifanya nibaki."

"Hapana, Mama. Angalia."

Nikampa. Hajui kusoma, lakini alipitisha kidole kwenye mistari, taratibu, na mistari ya siku ile imeanguka huku na huku kama walevi wanatoka matangani. Aliangalia ukurasa wa kabla, ulionyooka. Akaangalia tena ule.

"Ndiyo," alisema. "Mwenye aliandika hii alikuwa mugonjwa."

Akakaa juu ya mzigo wake. Nje mwenye moto amekwisha fika, anapiga honi, na Mama Chantal anamwambia, "Ngojea, papa, ndani kuko kesi!" Mama hakuwasikiliza. Alisema, "Rudia ile ya uji."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu alinirudishia kaye na kunionyesha sakafu, niketi hapo karibu na miguu yake.

"Kamata biki. Andika: Mama alikuwa naenda, moto ilikuwa ku mulango. Hakuna mutu alimuomba abaki. Alibaki mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Umeandika 'mwenyewe'?"

"Nimeandika, Mama."

"Lete nitie kidole."

Hatuna wino wa kidole, Yaya, tulitumia masizi ya sufuria. Amekwenda kumwambia mwenye moto arudi zake, na mimi nimekuja kukumalizia. Mzigo bado umefungwa katikati ya chumba, sijathubutu kuugusa. Sijui tutasemezana vipi jioni hii. Sijui Dieudo yuko wapi saa hii, Komanda au nyuma ya Komanda. Lakini nimekwambia kila kitu, hata lile baya, na nimegundua siogopi tena kukuambia wewe pia.

Msalimie Mama, umkande mguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji wangu, baba ya watoto wako, na wanao wote watatu, yule wa kikohozi umbusu mara mbili. Msalimie Nyanya aliyelia siku ya harusi kuliko bibi-arusi, na mama wa ubatizo wangu pale parokiani. Wewe mwenyewe nakukumbatia mpaka mbavu zilie.

Ni mimi mdogo wako, muke wa Dieudo, mwenye furaha na wasiwasi ndani ya kitenge kimoja,

Bernadette