Kiti cha Mama Kwenye Meza Kuu

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, siku ninayoolewa, maana jambo hili limeninyima raha ya harusi yangu mwenyewe. Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la pili, na aliyenilea ni dada yangu mkubwa, ambaye aliacha shule akaanza kushona, na mpaka leo kazi yake ni kushona vitambaa vya kuvalisha viti vya sherehe, vile vyeupe vyenye utepe mgongoni, na mtaani kwetu hakuna meza kuu ambayo hajaivalisha, lakini sherehe ikianza utamkuta karibu na mlango wa jikoni, pini mdomoni, anaangalia kama kuna kitambaa kilicholegea, na sijawahi kumsikia akilalamika.

Kwenye meza kuu pana kiti cha mama wa bibi harusi. Mimi nilishaamua ni chake, nikamwomba katibu wa kamati amtumie ujumbe wa simu kama wageni wengine. Akajibu neno moja, hapana. Tarehe tisa jioni nikamfuata chumbani kwake, nikamkuta anapiga pasi.

"Dada, mbona unakataa?"

"Mdogo wangu, viti vile mimi navivalisha, sivikalii."

Akanieleza kwamba mwalimu wao wa somo la Biblia aliwafundisha neno la Kigiriki, protoklisia, yaani nafasi ya kwanza kwenye karamu, na kwamba Yesu aliwasema watu wanaoipenda nafasi hiyo. "Sasa unataka nisemwe mbele ya wakwe zako?"

Shangazi yetu, aliyekuwa amejinyoosha kitandani, akadakia, "Basi nitakaa mimi. Mimi nimesemwa sana, nimezoea."

Tulicheka wote watatu, ila shangazi hakuwa anatania, kesho yake alinunua kilemba. Nikimlazimisha dada naona kama naichezea imani yake, na nikimwacha nitaolewa huku mama yangu wa pekee amesimama jikoni. Nifanye nini?

Mimi, mdogo mtu

Mdogo mtu,

Kwanza nikupe pole, halafu nikuseme kidogo. Dada amekulea kwa mikono yake, nawe unamwalika kwa mkono wa katibu? Ujumbe uliotumwa kwa wageni wengine wote ndio huohuo ukampelekea yeye. Hata mimi ningejibu hapana.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu wao amelieleza sawasawa. Protoklisia ni mahali pa kwanza pa kuegemea, kwa kuwa wageni wa zamani hawakukaa vitini, walijilaza ubavu kuzunguka meza, na waliokuwa karibu na mwenye karamu ndio walioheshimiwa. Ila dada yako ameishia katikati ya somo. Waliosemwa pale ni waliojichagulia nafasi hiyo wenyewe. Aliyekaa nyuma alifuatwa na mwenye karamu, akaitwa rafiki, akaambiwa asogee mbele, na hatusomi popote kwamba alipaswa kugoma. Kukaa nyuma ni kazi ya mgeni, na dada yako ameifanya vizuri miaka yote, namvulia kofia. Kumwita mbele ni kazi ya mwenye karamu. Jumamosi mwenye karamu ni wewe, na kazi yako hujaifanya.

Kwa hiyo usimlazimishe, na usiendelee kubishana naye chumbani. Mwambie tu kiti hicho akivalishe yeye mwenyewe, kama kawaida yake. Siku ya sherehe, ukishaingia ukumbini, usiende kukaa. Nenda mlango wa jikoni na shela lako hilohilo, mtoe pini mdomoni, mshike mkono, umlete mbele watu wote wakiona. Mwambie mumeo mapema ili asidhani umemkimbia.

Na shangazi umfuate leo, kabla kilemba hakijazoea kichwa. Mwombe wewe mwenyewe akae meza ya pili, ubavuni kwa meza kuu, awe anawachekesha wakwe. Naye pengine alitaka kuitwa tu.

Dada akifika kwenye kiti akasita, usimhubirie. Simama naye. Bibi harusi akiwa amesimama, ukumbi mzima utasimama, na huyo dada yako ninavyomsoma hawezi kuvumilia kuona wageni wamesimama na viti vipo. Atakaa.