Gari Linalozima Mlimani

Kilungu, 9 Agosti 1978

Mutie mwanangu,

Sisi tuko. Mbuzi amezaa mapacha. Syokau mke wako anakula kidogo, hasemi.

Barua yako kwa ndugu yako Kisilu nimeisoma. Unamwita mlevi aliyeharibu gari na kuua mtoto wako. Una mdomo mrefu kwa mtu anayekaa Mombasa.

Kisilu alipeleka gari Emali mara tatu. Fundi Rashid aliliendesha huko, likakimbia. Akaniambia, "Mama, gari ni zima." Akabadilisha plagi tu. Tukirudi huku mlimani linakohoa, linakosa nguvu, linazima. Ndivyo lilivyozima siku ile, Kisilu akiendesha, Syokau akiwa ndani na uchungu wa kuzaa.

Jumatatu nilimwambia Rashid, acha kuringa huko tambarare, njoo upande nalo mlima. Likamzimikia palepale. Akafungua tangi, akakinga petroli kwa chupa. Ndani ya chupa, chini ya petroli, kulikuwa na maji. Alisema gari likiinama, maji yanakimbilia kwenye paipu, na injini haiwaki kwa maji.

Akauliza petroli tunaleta na nini. Nikamwonyesha mtungi.

Mtungi huo ninaosha mimi. Sipendi uchafu nyumbani kwangu. Naosha, namwaga, sikaushi.

Kisilu hajui, bado anamwomba Syokau msamaha kila asubuhi. Nitamwambia leo akitoka shambani. Wewe mwandikie ndugu yako barua nyingine.

Mimi usiniandikie mpaka utakapoweza.

Mama yako,
Kasyoka