Nyumba ya Sultani na Ua wa Baba

Unguja, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Bwana iingie mlangoni kwako hapo Muyinga kabla ya barua hii. Mguu je, bado unakusumbua asubuhi kukiwa na baridi? Na vitenge nilivyotuma vilifika, au dereva alimvalisha mke wake? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, napika kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuhura kama kawaida. Na wewe Dezideri unayesoma, soma taratibu, usimrukie Mama mistari kama ulivyozoea, maana leo limo neno lako pia. Ningepiga simu, ila nasikia yako umeifua pamoja na suruali. Hongera, mdogo wangu.

Mama, barua yenu nimeisoma mpaka imechakaa. Nimefurahi kwamba itongo letu la Itaba, shamba letu la nyumbani, tumerudishiwa, na jirani aliyekuwa akililima ametoka bila ugomvi. Lakini nimeelewa kwamba hulali. Dezideri anataka kuchimba msingi mvua ikikatika, na wewe unaogopa jembe litamkuta yule mdogo wetu aliyezikwa pale. Unaniuliza tulimlaza wapi.

Una haki ya kuniuliza mimi. Wewe ulikuwa na homa ya uzazi, hujitambui, na kesho yake wajomba walikubeba kwenye machela tukakimbilia Tanzania. Baba aliyechimba kaburi naye kazikwa kambini kule Kigoma. Nimebaki mimi tu niliyeona.

Basi nilikumbuka. Nilikumbuka nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba ipi, Mama? Ilikuwa ya udongo, mvua imeshaila, na mihogo imepandwa kuanzia barabarani hadi bondeni. Dezideri mwenyewe anasema hata mlango ulikuwa upande gani hajui. Na nikuambie ukweli: nikiifikiria siku ile, sisikii kitu. Moyo umekufa ganzi. Silii, siumii, natazama tu kama mambo ya jirani. Ndiyo maana nimekawia kujibu. Niliogopa utadhani nimewasahau.

Sasa sikiliza kilichotokea. Juzi Bi Zuhura alipata mgeni, binti wa dada yake kutoka Maskati, akataka kumpeleka kwenye magofu ya kasri la sultani, nje kidogo ya mji, kule ufukweni. Akaniambia, "Jenerose, beba kapu la chakula twende wote. Kila siku jikoni tu, mwisho utageuka sufuria!" Nikaenda.

Mama, ni nguzo. Nguzo nene nyeupe zimesimama zenyewe, hazibebi chochote, juu ni mawingu. Jumba liliungua zamani. Kijana anayetembeza wageni anaitwa Haji, mwembamba, maneno mengi. "Hapa alikuwa akikaa mfalme. Hapa wakeze. Hapa ni hamamu, maji ya moto yakipita hapa chini." Yule binti akawa anapiga picha na kusema masha-Allah. Mimi nilishika kapu langu. Sikuona uzuri wala ubaya.

Nikaona wivu tu. Huyu mtu nyumba yake imeungua, yeye mwenyewe kafa, na bado wanajua alikuwa akiogea wapi! Sisi hatujui hata mlango wetu.

Tulipokaa kula, Haji akaniuliza, "Na kwenu Burundi je? Wafalme hamkuwa nao? Magofu yenu yako wapi?"

Nikamwambia kwetu hakuna mawe. Mfalme alijengewa nyumba ya miti na nyasi, na ua mkubwa kuizunguka.

"Sasa akihama?"

"Nyumba inaoza. Ua hauozi. Kwetu ua unapandwa kwa vijiti vibichi vya mti tunaouita umuvumu, ni ndugu wa mkuyu. Vinashika mizizi. Mfalme akiondoka, vyenyewe vinabaki vinakua. Ukienda Gitega utaonyeshwa miti mikubwa hivi, haikatwi na mtu, utaambiwa mfalme alikaa hapa." Hayo yote aliyenifundisha ni Baba, kambini, tukisubiri mgao.

Haji akacheka sana. "We! Kumbe magofu yenu yanaota majani!"

Bi Zuhura naye akacheka, na mimi nilikuwa naanza kucheka, na kijiko cha pilau mkononi. Nikasimama hapohapo. Bi Zuhura akauliza, "We mwanangu, umeumwa na nini?"

Nilikuwa nimeuona mkono wa Baba, siku ile ya kuzika. Hakuwa na msalaba, hakuwa na jiwe. Alipomaliza kufukia alikwenda kwenye ua wetu, akakata kijiti kibichi, akakichonga ncha kwa panga, akakipigilia pale kichwani pa kaburi. Nikamuuliza, "Baba, tunamjengea ua?" Akasema, "Ndiyo. Na yeye ni mtu wa hapa."

Kijiti chenyewe kilikuwa kimo changu, Mama. Na miaka yote hii kichwani mwangu kimebaki hivyo hivyo, kimo changu. Nimekuwa natafuta kijiti kwenye mihogo! Nilidhani kimeoza, au kuna aliyekitia jikoni.

Sasa Dezideri, rudi kwenye barua yenu, pale chini ulipoongeza maneno yako kwa hicho Kiswahili chako cha siku hizi, hata kiwanja unakiita parcelle: "Parcelle iko bien, ila iko muti mukubwa moja peke yake katikati. Mvua ikiisha tutaukata, iko na kuni mingi." Nilisoma hayo nikakucheka matamshi, nikapita.

Sikulaumu. Tumekulia kambini, ua tunaoujua sisi ni fito kavu na turubai. Nani angekuambia kwamba ua unaota? Lakini jiulize, yule jirani aliyeng'oa ua wote apate shamba, kwa nini mti ule aliuzunguka na jembe lake miaka yote? Nenda kamuulize kwa heshima. Nadhani alijua kuna mtu.

Mpeleke Mama kabla hujagusa chochote. Mama anaujua umuvumu. Aukwangue kidogo kwa ukucha, ukitoa maziwa, basi ndio wenyewe, kijiti cha Baba kimekua. Nyumba sogeza pembeni, hata ikiwa ndogo, hata mlango ukitazama upande mbaya. Na siku ile usifikiri hukuwepo. Ulikuwa mgongoni kwangu, umelala, mate yako yakinichuruzika shingoni. Shoka liweke chini, Dezideri, nakuomba.

Barua hii anavuka nayo kesho mpwa mwingine wa Bi Zuhura hadi Dar, pale anamkabidhi dereva wa malori yanayopita mpakani Kobero. Naomba tu ifike kabla mvua haijakatika.

Nisalimie wifi yangu, na tumbo lake. Msalimie shangazi yetu wa Mushasha, anayefua mavazi ya mapadre, mwambie kanzu nyeupe za huku zingemtoa jasho. Na huyo jirani wa Itaba, ambaye sijui hata sura yake, mpelekeeni chupa ya mvinyo wa ndizi, mseme umetoka kwangu.

Mama, bado sijalia. Nilirudi jikoni jioni hiyo nikaosha vyombo kama siku zote. Lakini nimeomba likizo, Bi Zuhura amekubali, nitakuja baada ya mavuno. Wewe usiningoje. Nenda ukae kwenye kivuli chake. Alituacha kabla hujampa jina, na sisi tumekuwa tukimwita "yule" tu. Mpe jina lake hapo chini ya mti, kisha niandikieni anaitwa nani, ili nipate wa kumlilia.

Binti yako mkubwa,
Jenerose