Kufuli ya Profesa Amandine

Chérie, weye uko wapi? Umekosa mambo ya leo!

Doyeni wetu, mukubwa wa kitivo, ameonyesha chuo kizima programu ya kufunga matokeo ya mitihani kama kufuli, eti kazi yake. Ile aliyoiba mu kompyuta ya Profesa Amandine! Anajisifu: "Hakuna muntu ataifungua."

Amandine hakumuangalia hata. Akageukia wanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Wanangu, muifungue."

WATOTO, Chérie! Wakaifungua palepale! Kumbe ni kufuli mbovu, Mama Amandine anaitengenezaka makusudi wanafunzi wake wajifunze kuivunja.

Doyeni akanong'ona, akasahau mikro ya kupaza sauti iko inawaka: "Ulijua nimeichukua?"

Amandine akamujibu: "Niliiweka pale siku uliniomba neno la siri la kompyuta yangu, ukaniita mulimaji wa mihogo wa Luvungi."

Unakumbuka ile siku, Chérie? Amandine alimupa lile neno la siri akicheka!