Baba Alipoketi Chini

Mjukuu wangu Koku, hapa Nyanga hatujambo, bibi yako bado ananigombeza. Unauliza ufanyeje na mwanao, anayeng'ata wenzake chekechea akikasirika. Umempata mtaalamu: mimi sijawahi kukasirika maishani. Haya, uongo, leo asubuhi nimemrushia jogoo kandambili.

Nikiwa mdogo kule Muleba, nilinyimwa kitu, nikaupiga teke mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi waliyowekewa wakwe. Ukapasuka. Baba akaja na fimbo. Nikafumba macho, lakini fimbo haikushuka. Nilipofumbua, ameketi chini kando yangu, anahema.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nikikupiga sasa nitakuumiza."

Nilishtuka hadi kilio kikakatika. Kumbe hata baba alikuwa na hasira ya kungojea ipite. Mpaka leo nashangaa.

Ulimaliza senene wangu, wale panzi wa kukaanga, Krismasi, ukaahidi kunilipa. Nilipe hivi: akianza tena, keti naye chini.

Babu yako