Printa Imenizika Mapema

Allen mjukuu wangu,

Ndizi ziko jikoni, zimeiva. Ng'ombe mkatie majani.

Nimekwenda kanisani Kyimo kumshukuru Mungu kwa kupona, tena bila ratiba! Asubuhi nilikuomba uniprintie ratiba ya shukrani. Ukajidai fundi: hufungui faili, unaandika tu amri kwenye kioo cheusi, "lp bibi.pdf", ukaenda zako dukani. Printa ikanitolea rundo la RATIBA YA MAZISHI YA BIBI YUSTINA. Kumbe nilipolazwa mlishaniandalia, na nilipopona hamkulifuta hilo faili. Ndaga fijo, asanteni sana!

Nimeisoma yote. Miaka yote hiyo nachuma chai Ikuti, nawalea ninyi, halafu wasifu wangu mistari minne? "Alipenda wageni." Basi? Na eti neno la familia alitoe baba yako mdogo Boazi, ambaye hospitali hakukanyaga!

~~Zichome zote.~~ Zichome, ila hii niliyoandikia barua nyuma yake ibaki. Igeuze uone: wasifu nimeuongeza kwa kalamu, Boazi nimemkata, neno la familia utatoa wewe. Siku ikifika uprinti hiyo, na ufungue faili kwanza.

Bibi yako, mzima kabisa